Dada wa nyumbani anamvalisha mama vipimo vya moyo, kila siku majibu tofauti. Naombeni msaada

Mwana_Kimara

Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Kuna jambo linaninyima usingizi, naombeni mawazo hasa waliopo kwenye afya au aliyewahi kuuguza mtu nyumbani.

Bi mkubwa wangu ana miaka 67, anakaa Mbagala na dada wa kazi. Mimi nakaa Kimara na kazi yangu ipo Kariakoo, foleni mnaijua wenyewe, siku ya kazi nikijitahidi kwenda kwake nafika wameshalala, kwa hiyo tunaonana wikiendi. Mama ana presha ya siku nyingi, mwaka huu akaanza kusikia moyo unaruka ruka alafu kizunguzungu. Tukampeleka kliniki, ECG (kile kipimo kinachochora umeme wa moyo) ikatoka safi. Daktari akasema inawezekana moyo ulikuwa umetulia dakika ile anapimwa, avae Holta masaa 24, ile mashine ndogo yenye waya na vistika kifuani inayorekodi moyo huku unaendelea na shughuli zako.

Sasa balaa. Asubuhi wakamvalisha vizuri akarudi nyumbani. Jioni joto, jasho, na mama kajifunga kanga kifuani kama kawaida yake, stika mbili zikabanduka. Dada akanipigia vidio koli, umeme umekatika, anamulika na tochi ya kitochi chake, mimi kwenye simu naona giza na kidole gumba. Nikamwambia "rudisha pale pale", akasema sawa. Tumerudisha mashine, siku kadhaa baadae tunaambiwa kuanzia saa moja usiku rekodi haieleweki, waya mbili zimebadilishana na stika moja ilibandikwa juu ya titi. Warudie. Hela imeenda. Simlaumu dada hata kidogo, hajasomea, na hiyo "pale pale" yangu gizani ilikuwa haina maana yoyote.

Na sio Holta tu. Presha anampima kila siku anaandika kwenye daftari, juzi asubuhi 158/94, dakika kumi baadae 131/80, jioni 149/88, sasa hapo nimwambie daktari ipi? Alafu kile kibanio cha oksijeni cha kidoleni siku moja kikasoma 86, nikatoka Kariakoo na bodaboda roho mkononi, nafika namkuta mama anamenya ndizi anacheka. Kumbe kapakwa piko vidole vyote, kulikuwa na harusi ya mjukuu wa dada yake.

Swali langu ni hili, mtu ambaye hajasomea anasaidiwaje kuweka hizi sensa (nazungumzia vihisi vya mwilini, sio Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, nawajua mtanianza) mahali panapotakiwa, kila siku, bila mimi kuwepo? Holta anarudia wiki ijayo.

Mzee_wa_Tazara

Karani wa sensa alifika kwangu mara moja tu hakubandika kitu 😂 Pole sana mkuu, mama atakaa sawa. Mnunulie saa janja yamalizike, zinapima moyo siku hizi.

NesiKigamboni

Pole sana mdogo wangu, na mpe pole mama. Mimi ni nesi, Holta nimevalisha watu wengi sana, ngoja nikwambie ukweli hata kama wenzangu watanuna: kosa linaanzia kwetu. Mgonjwa tunamlaza kitandani anaangalia dari, tunabandika chap chap, na yule atakayekaa naye usiku tumemuacha nje kwenye benchi ameshika mkoba. Siku ya kurudia dada aende na aingie ndani. Aombe na yeye abandike angalau mbili kwa mkono wake huku muhudumu anamwangalia, asifundishwe kwa mdomo. Mtu akishika mara moja na kidole chake anajua zaidi ya kuambiwa mara kumi.

Kabla hajatoka pale, mama akiwa amesimama au amekaa wima (asiwe amelala, ngozi inahama, kwa mwanamke ndo kabisa) mpigeni picha ya mbele na ya ubavu wa kushoto kwenye mwanga mzuri. Matiti yafunikwe na kanga, stika tu ndo zionekane. Picha ikae kwenye simu ya dada. Tafadhali usiitume kwenye grupu la familia, nimeona mambo hayo, mama wa watu anaona aibu mpaka leo.

Alafu alama. Watu wanasema chora na kalamu, lakini kalamu ya bluu kwenye ngozi yetu haionekani vizuri na jasho linaifuta. Mimi natumia ile plasta nyeupe ya karatasi inayopatikana famasi. Kata vipande vidogo kama ukucha, bandika viwili viwili pembeni ya kila stika, kulia na kushoto kwake, na juu ya kimoja andika rangi ya waya unaokaa hapo. Stika ikibanduka, vipande vinabaki vinasema "mimi ni wa waya mwekundu, nirudishe katikati yetu". Hapo hata gizani na tochi ya kitochi anaweza.

Kuhusu kubanduka kwenyewe:

Mama asijipake mafuta kifuani siku hiyo, hata ya nazi, hata losheni. Aoge na sabuni, akaushwe vizuri, muhudumu asugue kidogo kwa taulo au gozi kavu. Kama kuna vinyweleo vinyolewe. Ukibadilisha stika, chomeka waya kwenye stika kwanza ndo ubandike mwilini, ukibandika kwanza alafu ukakandamiza kifungo cha waya unamuumiza na ile jeli inachuruzika pembeni. Bonyeza pembezoni kuzunguka, katikati usikandamize. Stika iliyobanduka usiirudishe, imeshakula jasho, weka mpya, kwa hiyo ombeni za akiba tano hivi na pakiti ifungwe maana ikikaa wazi jeli inakauka. Waya ukitoka kwenye stika ukunje kitanzi kidogo ukibandike na plasta, ili ukivutwa kivutike kitanzi, stika ibaki.

Na kanga!! Hapo ndo mchawi wenu. Fundo la kanga la kifuani linakaa juu ya waya kabisa, kila akiinuka linavuta. Siku hiyo avae shati la vifungo mbele au dera pana, kanga ajifunge kiunoni.

Mwisho kwa Holta, dada aandike saa. "Saa moja na robo usiku mbili zimebanduka, saa moja na nusu nimerudisha." Anayesoma rekodi akiona hivyo anajua hapa palikuwa na kasoro, anaruka, masaa mengine yanabaki kuwa na faida. Na mama akisikia moyo unaruka abonyeze kile kitufe cha mashine na dada aandike saa na alikuwa anafanya nini. Asikae tu kitandani kwa kuogopa waya, lengo ni kuona moyo akiwa kwenye maisha yake.

Presha nakuja baadae, naingia shifti.

kijana wa vifaa tiba

Nesi kamaliza sehemu kubwa, mimi naongezea upande wa mashine maana ndo kazi yangu, natengeneza na kufundisha watu kutumia.

Kwanza rangi za waya. Dunia ina mifumo miwili na hapa kwetu mashine zinakuja za pande zote. Kwenye ECG ya kawaida mfumo wa Ulaya ni mkono wa kulia nyekundu, mkono wa kushoto njano, mguu wa kushoto kijani, mguu wa kulia nyeusi. Wanafunzi wanakariri kwa taa za barabarani, nyekundu njano kijani, alafu nyeusi ni lami. Wamarekani wao kulia nyeupe, kushoto nyeusi, mguu wa kushoto nyekundu, mguu wa kulia kijani. Umeona mtego? Ukimtumia dada vidio ya Youtube ya Mmarekani, nyekundu ataipeleka chini kushoto wakati mashine yenu huenda inaitaka juu kulia. Na Holta ndo zaidi, kila kampuni ina mpangilio wake na idadi yake ya waya. Kwa hiyo vidio za mtandaoni achana nazo, picha ya mama mwenyewe siku ile ndo mwongozo.

Waya za mikono miwili zikibadilishana, mchoro mmoja unageuka juu chini, asiyejua anaweza kudhani moyo upo upande wa kulia. Ndo mana wakawaambia rudieni.

Pili, usijitese kutafuta milimita. Holta inatafuta zaidi mapigo yanakwendaje, yanaruka, yanasimama, yanakimbia. Stika ikisogea upana wa kidole lakini imeshika vizuri, rekodi inasomeka. Ikiwa pale pale kabisa lakini imelegea, ni takataka, kila akitembea mchoro unatetemeka kama wa tetemeko la ardhi. ECG ile kubwa ya hospitali ndo mahali panapotaka ukali, zile za kifuani mbili za kwanza zinakaa nafasi ya nne ya mbavu pembeni ya mfupa wa kidari, na kosa la kila siku hata kwa waliosoma ni kuziweka juu mno, mpaka mchoro unafanana na wa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo wakati hana kitu. Sasa kama waliosoma wanakosea kuhesabu mbavu, dada wa watu msimhesabishe mbavu. Mpeni alama.

Mzee wa Tazara, saa janja nyingi ECG yake inarekodi kama sekunde 30 mpaka uweke kidole mwenyewe. Moyo unaoruka saa nane usiku mtu amelala itaukosa. Kuna vibandiko vya kipande kimoja siku hizi, hakuna waya, kimoja tu kifuani upande wa kushoto unakaa nacho siku kadhaa, na hilo ndo wazo zuri kuliko yote kwasababu kitu kimoja hakiwezi kubadilishana na kingine. Ila wao watumie walichopewa na kliniki.

MamaTwins_Tandika

Mimi sio mtu wa afya, mimi ni fundi cherehani, samahanini kama nachanganya madesa. Lakini nasoma hapa naona tatizo lenu ni la kwangu la kila siku. Nikimfundisha binti kushona, simwambii "weka mfuko kifuani kushoto", nampa karatasi ya kukatia ina tundu, anaweka juu ya kitambaa anapiga chaki basi. Kwanini msimtengenezee mama karatasi yake? Chukua ile nailoni laini ya kukavalia madaftari ya shule inaonekana upande wa pili, ilaze kifuani stika zikiwa zimeshabandikwa na wale waliosoma, chora kila stika ilipo, kata matundu. Stika ikitoka dada analaza nailoni anaona tundu lipi limekosa mtu.

NesiKigamboni

Fundi umenifurahisha mpaka nimemsomea mwenzangu hapa wodini. Naongeza kitu kimoja, nailoni inahitaji mahali pa kushikia pasipohama. Kitovu kinahama, titi linahama. Tumieni kile kishimo chini ya koo na mitulinga yote miwili, chora kishimo na mistari ya mitulinga kwenye nailoni. Ikikaa sawa hapo juu na huku chini inakaa. Na itumike mama akiwa wima kama ilivyochorwa. Stika za ubavuni chini ya titi msiziamini sana kwa nailoni, zile ni vipande vya plasta.

Haya presha. Hizo namba zako 158 na 131 ndani ya dakika kumi mimi sishangai, nakuuliza tu maswali. Ile ya kwanza mama alikuwa ametoka kufanya nini? Alikaa wapi? Kwenye kochi limezama mkono unaning'inia? Mkono wa dera umekunjwa juu umebana kama kamba? Dada alikuwa anapiga stori naye?

Mama akojoe kwanza. Kama amekunywa chai ya rangi kali au kahawa asubiri nusu saa. Akae kiti cha plastiki chenye mgongo, miguu yote chini asikunje nne, atulie dakika tano kimya, na dada naye kimya, TV izimwe. Mkono uwe mtupu, ulazwe mezani, chini ya mkono wekeni mto au kanga zilizokunjwa mpaka ule mkanda ulingane na moyo. Mkanda uanze vidole viwili juu ya pale mkono unapokunjia, mpira unaotoka uelekee chini kwa ndani ya mkono, au ule mshale wa kwenye mkanda ukae juu ya mshipa. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba mfululizo. Daktari anatupa ya siku ya kwanza anatafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani tunaanza kusema presha ipo juu wastani ukifika 135/85, sio 140/90 ya kliniki.

Na mama mnene? Kama mkono ni mnene na mkanda ni ule wa kawaida, mashine itadanganya kwa kupandisha. Pimeni mzunguko wa mkono na futi ya fundi mlinganishe na namba zilizoandikwa kwenye mkanda wenyewe.

kijana wa vifaa tiba

Hapo kwenye mkono, watu wanaona ni urembo wa manesi. Damu ni maji, ina uzito. Kila sentimita 10 mkono ukishuka chini ya moyo unaongeza kama 8 kwenye namba. Johns Hopkins Marekani walijaribu kwa watu 133, majibu yalitoka 2024: mkono ukiwa mapajani ile namba ya juu inapanda karibu 4, ukining'inia pembeni inapanda 6 na nusu. Hapo mtu anaongezewa dawa bure. Chora tu mstari ukutani wa urefu wa kifua cha mama akiwa kwenye kile kiti, dada aone mkanda upo kwenye mstari. Umemaliza.

Sharobaro_mstaafu

Bibi zetu waliishi miaka 90 bila nailoni kifuani. Mnamtia mama wasiwasi tu.

Bint_Salum

Sharobaro tuache. Bibi zako walioanguka ghafla mkasema karogwa nani aliwapima?

Mimi mwanangu ana kisukari cha utotoni anavaa ile sensa ya sukari ya kubandika mkononi nyuma. Usiku ilikuwa inalia sukari imeshuka, namwamsha namlisha, napima kidole kipo sawa. Wiki mbili nimekondeana. Kumbe analalia mkono ule, ukiigandamiza inasoma chini. Hakuna aliyeniambia. Sasa namwekea mkono asioulalia basi. Kwa hiyo @Mwana_Kimara kaa na mama usiku mmoja uone anavyolala, utajua stika ipi itaumia. Na oksijeni, kidole kisiwe na hina, piko wala rangi, kisiwe cha baridi, asubiri namba itulie kama dakika, asipime akiwa juani.

NesiKigamboni

Kweli. Na kwenye oksijeni kuna lingine, vile vibanio kwenye ngozi nyeusi vina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli, utafiti mkubwa wa Marekani wa 2020 ulionyesha. Kwa hiyo mama akihema kwa shida au kifua kikibana, msikae kusubiri kidole kiseme, nendeni hospitali. Mashine ikisema 96 na mama anatweta, amini mama.

Mwana_Kimara

Wakuu narudi na mrejesho, nilichelewa ilibidi nilale Mbagala.

Juzi dada kaingia ndani na mama. Mwanzoni walimkatalia, akasema kwa sauti ya chini "mimi ndo nalala naye", yule muhudumu akacheka akamvuta kiti. Kabandika mbili. Nailoni nilinunua steshenari, tumechora, kishimo cha koo na mitulinga. Vipande vya plasta vimeandikwa NYEKU, NJA, KIJ, kwasababu havikutosha maneno.

Saa nne usiku stika moja ikabanduka, ile ya ubavu wa kushoto, Bint Salum umesema kweli, ndo upande anaolalia. Mimi nilikuwepo lakini nikajikaza nikakaa kimya sebuleni nisikie. Dada kawasha tochi, hakuita mtu, nikasikia "mama nyanyuka kidogo, hii ya kijani", kama dakika tatu hivi. Asubuhi naangalia daftari kaandika saa 4:12 imetoka, 4:16 nimeweka mpya. Mashine tumerudisha, majibu wiki ijayo.

Presha baada ya kiti cha plastiki na mstari ukutani, siku nne zote ipo kati ya 132 na 139. Kochi tumempiga marufuku.

Tatizo lililobaki ni mama. Plasta amezibandua zote asubuhi ile ile tulivyotoka kurudisha mashine, anasema hawezi kwenda msibani kifua kimeandikwa kama ukuta wa gereji. Alafu anawashwa pale stika zilipokuwa, nimpake nini?

NesiKigamboni

😂😂 Muache aende msibani. Aoshe na maji na sabuni kidogo, asijikune, asipake kitu chenye harufu. Pakibaki na malengelenge au pakizidi kuwa pekundu baada ya siku mbili tatu aonwe, na wakati mwingine mwambie muhudumu mapema kuwa stika zinamuwasha, kuna aina za ngozi laini. Nailoni msitupe.

MamaTwins_Tandika

Ikichanika nipigie kelele hapa, nakata nyingine.